Nani Yuko Kati ya Mabehewa?

Jioni ya Jumamosi moja ya likizo, katika nyumba za polisi za mji mmoja wa mashariki mwa Uganda, mvulana wa miaka 13 alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ambayo baba yake, askari wa jeshi aliye kazini nje ya nchi, alimletea alipokuja mapumzikoni. Nyuma yake, juu ya kiti cha kamba, alikaa babu yake mzaa mama. Mzee huyo alikuwa mpanga mabehewa wa reli tangu mwaka 1969 hata alipostaafu, na mikono yake bado ilikuwa na makovu ya kazi ile. Mama wa mtoto, koplo wa polisi, alikuwa uani akisonga ugali. Ilikuwa jioni ya kawaida, na hapana aliyedhani kwamba kabla ya kulala jambo lililofichwa kwa zaidi ya miaka 50 lingetolewa nje.

Mchezo aliokuwa akiucheza mtoto ni ule wa kuiga uendeshaji wa treni. Michezo ya namna hiyo ilienea sana tangu mwaka 2001, ilipotoka Microsoft Train Simulator na vilevile Trainz ya Australia. Mchezaji hukaa kana kwamba yumo ndani ya injini, akashika breki na mkono wa mwendo, akaona reli ikimjia mbele. Watu wengi hupenda kukimbiza treni za abiria milimani. Lakini wako wengine wanaopenda kazi isiyo na sifa, kazi ya uwanja wa mizigo. Hao hutunga mazoezi ambamo injini moja ndogo hutoka huku ikaenda kule, ikavuta behewa hili na kusukuma lile, mpaka treni ya mizigo ikapangika sawasawa.

Zoezi alilokuwa nalo mtoto siku hiyo lilikuwa la aina hiyo. Mabehewa 8 yalikuwa yamesimama uwanjani, na kwa dakika 20 alitakiwa kutoa 5 na kuyapanga kwa taratibu iliyoandikwa. Saa ilikuwa ikihesabu kwenye pembe ya kioo. Mtoto alisukuma injini kwa pupa, ikagonga behewa kwa nguvu, behewa likaruka reli. Maandishi mekundu yakatokea. Akabonyeza kitufe cha kuanza tena. Mara ya pili akafanya vilevile, na mara ya tatu pia. Kila mara uwanja ukarudi ulivyokuwa, mabehewa yakasimama wima, safi, kana kwamba halikutokea lolote.

"Nani alikuwa kati ya mabehewa?" mzee akauliza.

Mtoto akageuka. "Hakuna mtu, Babu. Ni mchezo tu."

"Hakuna mtu," mzee akarudia kwa sauti ya chini, kisha akanyamaza.

Ili kulielewa swali la mzee, inafaa kueleza kazi yenyewe. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa katika mwaka 1896, ikafika Ziwa Viktoria, mahali paitwapo Kisumu leo, mwaka 1901, na kufika Kampala mwaka 1931. Upana wake ni meta moja kutoka chuma hata chuma. Mizigo iliyopanda kutoka bandarini haikwenda mahali pamoja. Ilipofika Tororo, penye njia panda, mabehewa mengine yalishika njia ya kaskazini, kuelekea Mbale na Soroti na mbele zaidi, na mengine yaliendelea magharibi kuelekea Jinja na Kampala. Behewa haliwezi kuchomolewa katikati ya treni kama kitabu rafuni. La kushuka kwanza lisipowekwa mahali pake, treni nzima itachelewa katika kila stesheni. Kwa hiyo kabla ya safari hapana budi mabehewa yatenganishwe, yapangwe upya, yaungwe. Hiyo ndiyo kazi ya mpanga mabehewa, nayo hufanywa usiku na mchana, juani na mvuani.

Dereva wa injini, hasa ile ya mvuke ya siku zile, hakuweza kuona nyuma ya mabehewa aliyokuwa akiyasukuma. Macho yake yalikuwa ni yule mtu aliyesimama chini, mwenye bendera mchana na taa usiku. Taa ikisema njoo, dereva huja. Taa ikisema simama, husimama. Hapana mjadala, kwani dereva ameweka imani yake yote katika mkono wa mwenziwe. Askari anayesonga mbele huku mwenzake akimlinda ubavuni anaijua imani ya namna hiyo.

Na hatari kubwa ilikuwa pale penye kiungo. Huko Marekani, zamani mabehewa yaliungwa kwa pete ya chuma na kijiti cha chuma, na mtu alilazimika kusimama katikati na kuielekeza pete kwa mkono huku behewa la pili likimjia. Wengi walipoteza vidole, wengine mikono, wengine roho. Katika mwaka 1873, Eli Janney alipewa hati ya uvumbuzi wa kiungo kinachojifunga chenyewe mabehewa yanapokutana. Umbo lake ni kama mikono miwili iliyokunja vidole ikashikana. Mwaka 1893 sheria ilipitishwa huko ikizitaka kampuni za reli ziweke viungo vinavyojifunga pamoja na breki zinazotawaliwa na dereva kutoka kwenye injini. Viungo vya namna hiyo vilienea katika nchi nyingi, vikaokoa watu wengi. Hata hivyo kiungo kilichokwama au kilichokaa upande bado huhitaji mkono wa mtu kukinyosha, na mkono wa mtu hauendi mahali bila mtu mwenyewe kwenda.

Basi mtoto alikuwa akijiandaa kubonyeza kitufe mara ya nne, umeme ukakatika. Kioo kikawa cheusi, nyumba ikawa giza. Mtoto akaguna kwa hasira. Koplo akaingia na taa ya chemli, akaiweka juu ya meza, akasema chakula bado kidogo.

"Niletee viberiti vitupu," mzee akamwambia mjukuu. "Na kipande cha mkaa. Na lile kopo la dawa ya viatu vya mama yako."

"Baba, usinichafulie sakafu," koplo akasema, lakini alikuwa akitabasamu.

Mzee akapiga magoti, akachora kwa mkaa juu ya saruji. Akachora njia tatu, moja ndefu na mbili fupi, zote zikikutana mahali pamoja, na kutoka pale penye makutano akachora kipande cha njia kinachokwenda nyuma. "Ndilo zoezi lako hili hili," akasema. "Nimelitazama mara tatu ukiliharibu."

Zoezi lenyewe lina asili yake. Lilitungwa Uingereza na Alan Wright, mpenzi wa treni ndogo za kuchezea zile zinazotengenezwa kwa ustadi hata zikafanana na za kweli, naye aliliita Inglenook Sidings. Marekani nako, John Allen alitunga zoezi lake liitwalo Timesaver, likachapishwa mwaka 1972, ambalo mchezaji hushindana na saa. La Wright halihitaji saa. Njia ndefu hubeba mabehewa 5, na kila fupi hubeba 3. Kile kipande cha nyuma, ambako injini hurudi ili ibadili njia, hutosha injini na mabehewa 3 tu. Majina ya mabehewa 8 huandikwa juu ya vipande vya karatasi na kutiwa mfukoni, vitano vikatolewa bila kuangaliwa, na treni sharti ipangwe kwa taratibu ile ile vilivyotoka. Nafasi za njia tatu ni 11, mabehewa ni 8, hivyo nafasi tupu ni 3 tu. Hata hivyo treni ziwezazo kuagizwa ni 6,720, na hapana hata moja isiyopangika. Mchezaji akikwama, hakukwama kwa sababu njia haipo.

Mtoto akaleta viberiti, wakaandika juu yake kwa kalamu. Katika njia ndefu, kuanzia mwisho kabisa hata mdomoni, wakaweka chumvi, mbao, mahindi, kahawa, saruji. Katika njia fupi ya kwanza, vilevile kutoka ndani kwenda nje, wakaweka sukari, pamba, chai. Njia fupi ya pili ikabaki tupu. Kopo la dawa ya viatu likawa injini. Mama akavuta karatasi kutoka kofia yake ya kazi, na treni iliyoagizwa ikawa hii, kuanzia mwisho wa njia ndefu: pamba, chai, kahawa, saruji, na chumvi mdomoni karibu na injini.

Kisha mzee akachukua punje moja ya mahindi kutoka katika ungo uliokuwa pembeni, akaiweka sakafuni kando ya reli.

"Huyu ni nani?" mtoto akauliza.

"Huyu ni mtu," mzee akajibu. "Kila unapotaka kuunga au kuachanisha, yeye huingia katikati. Na kabla injini haijasogea hata kidogo, sharti umtoe, umweke mahali ambapo dereva anamwona. Ukisahau, zoezi limekwisha. Hapana kuanza tena."

Mtoto aliona sharti hilo ni la kuchosha. Chumvi ilikuwa ndani kabisa, nyuma ya mabehewa manne, nayo ilitakiwa kuwa ya mbele. Akakimbilia njia iliyoonekana nyepesi. Akavuta saruji, kahawa na mahindi, akayaingiza katika njia fupi tupu, ikajaa. Akarudi akavuta mbao na chumvi, akasimama nyuma na mabehewa mawili. Ndipo alipoona kwamba njia fupi zote mbili zimejaa, na mahali pekee pa kuyaweka ni pale pale alipoyatoa.

"Nimekwama," akasema.

"Hukukwama. Umeharakia kukitoa unachokitaka kabla ya kukitengenezea mahali. Rudisha yote mawili. Mwanzo wako ulikuwa mzuri, wa pili ndio mbaya."

Akayarudisha. Mzee akamwacha afikiri. Baada ya kitambo mtoto akaiona. Akaenda katika njia fupi ya kwanza, akatoa chai na pamba, akayasukuma katika njia ndefu mbele ya mbao. Sasa palikuwa na nafasi mbili penye sukari. Akavuta matatu, chai, pamba na mbao, akaenda akaiacha mbao peke yake karibu na sukari. Akarudi njia ndefu na chai na pamba mkononi, akaiunga chumvi, akaitoa, akaiacha mbele ya mbao. Tazama, chumvi iliyokuwa shimoni ilikuwa sasa mdomoni mwa njia fupi, na njia ndefu ilikuwa tupu. Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Akaingiza pamba na chai katika njia ndefu, akaenda akatoa saruji na kahawa katika njia fupi ya pili na kuyafuatisha, kisha akaichukua chumvi na kuiweka mbele ya yote. Pamba, chai, kahawa, saruji, chumvi. Sukari, mbao na mahindi yalibaki nyuma yakingoja siku yao.

Mtoto akapiga makofi. Lakini mzee hakuwa akitazama treni. Alikuwa akiitazama ile punje ya mahindi. Katika furaha ya hatua ya mwisho mtoto alisahau kuitoa, nayo ilikuwa imebanwa kati ya kiberiti cha saruji na kile cha chumvi.

"Babu, ni punje moja tu," mtoto akasema alipoona uso wa mzee umebadilika.

Mzee akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Koplo akaweka mwiko chini. Kazi yake ni kusikiliza watu, na anajua mtu anavyonyamaza anapokaribia kusema.

Mzee akasema kwamba ilikuwa usiku wa mvua, katika mwaka 1974, yeye akiwa kijana mwenye haraka. Walikuwa wawili chini, yeye na rafiki yake waliyeajiriwa siku moja. Treni ilikuwa imechelewa na kila mtu alitaka iondoke. Kiungo kimoja kilikaa upande, hakikukubali kujifunga. Rafiki yake akamwambia kwa sauti, "Naingia," akaingia na taa yake. Yeye akaitikia. Mvua ikazidi. Baada ya muda akaona taa ikitikisika upande wa pili wa mabehewa, akadhani rafiki yake ametoka. Hakuita jina lake. Hakuzunguka kutazama. Akainua taa yake, akampa dereva ishara ya kuja. Taa aliyoiona ilikuwa ya gadi wa treni.

Mtoto hakusema kitu. Taa ya chemli ilikuwa ikitoa moshi kidogo, na hapana aliyeinuka kuipunguza.

"Walipokuja kuuliza," mzee akaendelea, "waliniuliza swali moja kubwa. Marehemu alikutaarifu kwamba anaingia? Nami nilikuwa na mke mchanga, na wewe, mwanangu, ulikuwa bado hujazaliwa, lakini niliogopa kana kwamba umekwisha kuzaliwa. Nikasema sikusikia. Wakaandika kwamba aliingia bila kutoa taarifa. Makosa yakawa yake. Akazikwa na makosa yangu juu ya kifua chake."

Ndipo koplo alipoyaelewa mambo ambayo tangu utoto aliyaona bila kuyaelewa. Alielewa kwa nini kila Krismasi baba yake alipeleka sukari na kanga kwa mama mmoja mjane wa mtaa wa pili, wala hakuingia ndani bali aliacha vitu mlangoni. Alielewa kwa nini hakupenda kuambiwa mtu mwema. Alielewa pia kwa nini, siku alipokula kiapo cha polisi, baba yake hakumwambia awe hodari kama wazazi wengine walivyowaambia watoto wao, bali alimwambia, "Andika ulichokisikia."

Mwanamke huyu alikuwa amekwisha kuandika maelezo ya watu wengi. Aliwahi kuona waongo wakilia na wakweli wakitetemeka. Angaliweza kusema kwamba yamepita, kwamba baba yake alikuwa kijana, kwamba mvua ilikuwa nyingi. Yote hayo yangalikuwa kweli. Lakini aliona kwamba mzee hakuwa akiomba kufarijiwa.

"Baba," akasema, "maelezo yaliyochelewa nayo ni maelezo. Kesho tutakwenda pamoja."

"Yule mama ni mzee sasa. Nitamwumiza bure."

"Utamwumiza. Lakini si bure."

Wakala chakula bila maneno mengi. Umeme uliporudi usiku, mtoto hakuiwasha kompyuta.

Siku ya pili, baada ya sala, walikwenda watatu. Mjane alikuwa ameketi chini ya mwembe akichambua maharage. Aliwakaribisha, akaagiza viti. Mzee alikataa kiti mpaka aseme. Akasimama mbele yake kofia mkononi, kama asimamavyo mtu mbele ya hakimu, akasema yote, tangu neno "Naingia" hata lile jibu alilolitoa kwa waulizaji. Hakutaja mvua wala giza, na hakujitetea.

Mjane akaendelea kuchambua maharage kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Shemeji, nilijua alisema. Yule hakuwa mtu wa kuingia mahali bila kusema. Hata bafuni alisema. Walipoisoma ile karatasi yao, watu wote waliitikia vichwa, nami peke yangu nikajua kwamba karatasi inasema uongo. Ila sikujua ni nani aliyeiambia."

Mzee akainamisha kichwa.

"Sikusamehe leo," mjane akasema. "Leo nimesikia tu. Njoo tena Jumapili ijayo. Na usiache sukari mlangoni kama mwizi. Ingia ndani."

Yule mama ana watoto wawili wa kiume na wajukuu, ambao wote walikua wakiambiwa kwamba baba yao alikufa kwa uzembe wake mwenyewe. Mmoja wao alikuwapo siku ile, akasikia, akatoka nje ya ua bila kuaga. Alirejea jioni, akamkuta mzee angali ameketi palepale akimngoja. Hawakukumbatiana. Mwana akamwuliza jambo moja tu: baba yake alikuwa amevaa nini usiku ule. Mzee akamwambia, naye mwana akapata kitu ambacho hakuwa nacho tangu azaliwe.

Zipo kazi ambazo makosa yake hufutika. Mwenye kushona hufumua, mwenye kuandika hukata mstari. Zipo nyingine ambazo hazina kitufe cha kuanza tena, na miongoni mwa hizo ni kazi ya reli, ya bunduki, ya gari la doria na ya dawa za hospitali. Katika kazi hizo mtu mmoja huinua mkono na mwingine huamini mkono ule. Haraka ikiingia kati yao, humwua asiyeonekana. Na uongo ukiifuata haraka, humwua mara ya pili. Lakini kisa cha mzee huyu kinaonyesha jambo jingine pia. Kama vile katika zile njia tatu za mkaa, ukweli uliozikwa nyuma ya mambo mengine manne hautoki kwa kuvutwa kwa nguvu. Sharti kwanza utengenezewe mahali pa kukaa. Binti alimtengenezea baba yake mahali hapo kwa maneno machache tu, na mjane akamwongezea kiti.

Tangu siku ile mzee huenda kwa mjane kila Jumapili, naye huingia ndani. Sakafu ya nyumba ya polisi imekwisha kuoshwa mara nyingi, ila alama za mkaa hazikutoka zote, na koplo amekoma kuzisugua.

Mtoto alirudi katika kompyuta yake baada ya siku kadhaa. Aliliwasha zoezi lile lile la mabehewa 8. Safari hii aliweka punje ya mahindi juu ya meza, kando ya kibodi, na kila alipotaka kuunga au kuachanisha aliisukuma mbele kwa kidole, akaunga, akairudisha, akaitazama, ndipo akaisogeza injini, kwa mwendo wa mtu atembeaye. Dakika 20 zilipokwisha alikuwa bado hajafika nusu. Maandishi mekundu yakatokea yakimwambia kwamba ameshindwa, muda umekwisha, na chini yake kile kitufe cha kuanza tena kikawa kinametameta.

Hakukibonyeza. Aliendelea na kazi mpaka treni ikapangika yote, akafunga breki, akaichukua punje na kuitia mfukoni. Babu yake, juu ya kiti cha kamba, alikuwa amefumba macho. Mtoto alidhani amelala.

"Nani yuko kati ya mabehewa?" mzee akauliza bila kufumbua macho.

"Hakuna mtu, Babu," mtoto akajibu. "Nimetazama."